Kahawa ya Msiba Haitiwi Sukari

Nora mwanangu,

Sanduku lako lina kilo ishirini na mbili na nusu. Baba yako amelipima mara nne kwa ile mizani ya kuning'iniza, na kila mara anatoka gereji akisema bado kuna nafasi ya nusu kilo, sasa tuweke nini. Mwache aweke anachotaka, ndiyo namna yake ya kulia. Mambo ya koti, cheti cha chanjo na namba za simu sina la kuongeza. Unayajua, na usiyoyajua utayajua ukishanyeshewa mara moja.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Tangu uanze shule mimi nasema Kiswahili, wewe unajibu Kiingereza, na hakuna aliyelala njaa kwa sababu hiyo. Lakini Kiingereza changu ni cha kazini, cha kupanga zamu za wafanyakazi na kubishana na watu wa bima. Nikikitumia kukueleza jambo hili nitakuwa mpole kuliko ninavyotaka kuwa. Soma polepole. Ukikwama soma kwa sauti, utanisikia.

Jumapili uliniuliza, mbele ya baba yako, kwa nini namchukia nyanya yako. Nikasema simchukii, nikainuka kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Ukanifuata hadi kwenye sinki ukaomba kitu kimoja: kesho tukienda uwanja wa ndege tupitie kwake Fairfield umuage, na safari hii niingie ndani, nisibaki kwenye gari. Tangu Babu Yusuf azikwe sijavuka mlango ule. Ni miezi sita. Najua nawe umehesabu, maana kuhesabu ulirithi kwangu.

Basi jibu ni hili, na si fupi.

Nianze na lililo la kweli, usije ukadhani natukana ukoo wako. Unaenda Ayalandi, kwa watu wa nyanya yako, na pasipoti uliyoipata kwa damu yake. Watakukaribisha mezani wakusimulie jinsi Waairishi na Wapalestina walivyo ndugu. Utakuta bendera ya Palestina dirishani kwa mtu ambaye hajawahi kumwona Mpalestina hata mmoja. Usicheke. Undugu ule una mifupa ndani yake.

Baba wa nyanya yako alikuwa mtoto wa miaka kumi askari wa Mwingereza walipochoma kiwanda cha maziwa cha kijiji chao, kwa kulipiza kisasi. Mpaka anakufa alikuwa anasema harufu ya siagi ikiungua haitoki puani. Kikosi kile kilipovunjwa, askari wake hawakurudi kulima. Wengi walipakiwa melini wakapelekwa Palestina, kazi ile ile, jua jipya. Na huko Galilaya, miaka kumi na kitu baadaye, baba wa Babu Yusuf alisimamishwa juani kutwa nzima na askari wa Kiingereza, yeye na wanaume wote wa kijiji, huku nyumba ya jirani ikilipuliwa kwa baruti. Yusuf alikuwa bado anabebwa. Alipofika miaka kumi na miwili wakafukuzwa kijijini kabisa. Wakaishia Lebanoni, wakaishi kwa kungoja, na alipochoka kungoja akapanda meli kuja Sydney.

Walimweka kwenye hosteli ya wahamiaji ya Villawood, pale pale ambapo siku hizi wanafungia watu wasio na makaratasi. Nyanya yako alikuwa mpishi jikoni. Yusuf hakuweza kumeza ile kabeji yao iliyochemshwa mpaka ikawa ya kijivu, kwa hiyo nyanya yako akawa anamfichia viazi vya kuoka. Siku moja, akila viazi vyake amesimama mlangoni mwa jiko, akamweleza habari ya baba yake na lile jua. Nyanya yako akaweka mwiko chini akasema, "Hao ni wale wale."

Babu Yusuf aliniambia mwenyewe kwamba ni hapo alipoamua kumwoa. Pole alikuwa amepewa na kila mtu tangu ashuke melini, hata na dereva wa basi. Wale wale hakuwa amewahi kuambiwa na yeyote.

Sasa, mimi nilifika katika nyumba ile na habari yangu mwenyewe ya wale wale.

Guka yako, baba yangu, hukumkuta. Wakati wa Mau Mau alifungwa kambini miaka mitano, na hakupenda kuyaongelea. Lakini kulikuwa na afisa mmoja aliyekuwa akimtaja kila jioni anapofunga geti la boma letu, kana kwamba geti lenyewe ndilo lilimkumbusha. Mzungu mwenye shingo nyekundu, aliyekuwa akijisifu mbele ya wafungwa kwamba kazi ya seng'enge, na ya kusimamisha wanaume juani mpaka mmoja ataje mwenzake, aliisomea Palestina. Mimi nikiwa mdogo nilidhani Palestina ni ya Biblia tu. Nilikuwa najiuliza afisa kama yule alielewana vipi na mitume.

Kwa hiyo Jumapili ya kwanza baba yako aliponipeleka Fairfield kuonwa, elewa nilivyoshtuka. Meza yao ina viti vinane. Mimi nilikuwa wa tisa, nikaletewa ile stuli ya plastiki ya jikoni ambayo nyanya yako hupandia kufikia kabati la juu. Sikujali, nilikuwa kijana. Babu Yusuf akaanza hadithi ya baba yake juani. Nyanya yako akaidaka katikati akaingiza kiwanda cha maziwa, kama watu wanaopokezana wimbo wanaoujua. Nikasema, "Hata baba yangu huko Kenya, kulikuwa na afisa..."

Nyanya yako akanigeukia kwa upole kabisa. "Binti, wewe ndiye uko karibu na jiko. Hebu tuletee viazi."

Nikaleta viazi. Niliporudi walikuwa wanazungumza habari za bei ya nyumba.

Unaona ni jambo dogo. Hata mimi nikiliandika naliona dogo, ni bakuli la viazi. Lililokua kubwa ni nililofanya mimi baada ya hapo. Nilijiambia nitangoja niulizwe. Kwetu mkwe mgeni haanzi kujitangaza, anaulizwa: wewe ni wa nani, baba yako alizaliwa ng'ambo ipi ya mto, mama yako ametoka kwa nani. Wasipokuuliza hayo hawajakupokea, wamekuvumilia. Basi nikakaa kwenye stuli yangu nikingoja adabu ya Nyeri katika nyumba ya Fairfield. Nilingoja miaka ishirini na mitatu. Mtu anayejua hesabu kama mimi angeona mwaka wa pili tu kwamba jibu haliji.

Baba yako usimguse katika hili. Yeye aliniuliza, na nilimweleza yote. Lakini ni mtu wa kuamini kwamba jambo likiwa halijasemwa kwa sauti basi halina haraka. Nilimwambia asiwaambie, nikitaka waulize wenyewe. Alinitii. Wakati mwingine natamani asingenitii.

Kisha ukazaliwa.

Kwa Wakikuyu msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba. Wa pili ndiye huchukua la mama ya mama. Haichaguliwi, haijadiliwi, na sikumwuliza mtu. Pale hospitalini nilisema ni Nora, jina la mama yake, baba yako akalia. Nyanya yako alipopigiwa simu alifurahi, akasema alijua tu siku moja nitakuja kupenda majina ya Kiairishi. Sikumsahihisha. Hakujua nilichompa. Kwetu wewe si mjukuu wake tu, wewe ni yeye amerudi. Mama yangu angekuwa hai angekusalimu kwa heshima ya mtu mzima ungali kwenye nepi.

Mama yangu aliitwa Wangari. Lilikuwa jina la mdogo wako. Mdogo wako hakuja, madaktari walisema walichosema, na nikaacha kuuliza. Kwa hiyo kwa desturi yangu mwenyewe, kwa mkono wangu mwenyewe, nililipitisha la nyanya yako mbele na la mama yangu likakwama mlangoni. Sijutii kukuita Nora. Najutia kwamba aliyepewa heshima ile alidhani nimependa tu sauti ya jina.

Ulikuwa na miezi minne, nimekufunga mgongoni, dada wa Babu Yusuf alipofariki. Watu walikuja siku tatu mfululizo, Waarabu wa Sydney nzima, wanaume sebuleni, wanawake chumba cha kulia. Asubuhi ya kwanza nyanya yako akaniambia nishughulikie kahawa. Nilifurahi. Nilijua kupika kwa ajili ya msiba, nimekulia humo. Kwetu ukimpa mfiwa au mgeni wa matanga chai isiyo na sukari umemwambia nenda nyumbani. Nikachemsha sufuria kubwa, nikatia iliki, nikatia sukari, vikombe viwili vilivyojaa.

Nyanya yako alikuwa amesimama kando ya friji, kakunja mikono, ananitazama. Nilimgeukia nikatabasamu. Naye akatabasamu.

Nikabeba sinia. Mama mmoja mzee wa kutoka Haifa akaonja, akaweka kikombe chini taratibu kama kitu kinachoweza kuvunjika. Wa pili akaweka. Wa tatu hakuonja, aliwatazama tu wale wawili. Na wewe mgongoni ukaanza kulia kana kwamba umeelewa kabla yangu. Shangazi yako mkubwa ndiye aliyeninong'oneza. Msibani kwao kahawa hunywewa chungu. Ya sukari ni ya harusi. Nilikuwa nimewapitishia sinia kuwaambia nafurahi amekufa.

Babu Yusuf akatoka sebuleni, akachukua kikombe kwenye sinia, akanywa chote mbele yao. Akakinyoosha tena. "Niongeze," akasema. Alikuwa na kisukari, Nora. Alikunywa viwili. Hapo wanaume wengine wawili wakachukua, na wale mama nao wakavuta vikombe vyao, na maongezi yakarudi kidogo kidogo.

Baadaye alinikuta nyuma ya nyumba nimejificha kwenye kamba za nguo. Akataka kunichekesha. Akaniambia mwaka wa kwanza wa ndoa yao alifiwa na mjomba wake, na nyanya yako, kwa kuwa kwao maiti hukeshwa kwa kinywaji na nyimbo, alitoa chupa ya wiski mbele ya mapadri na wazee akaanza kuimba. Wanawake walilisema jambo hilo miaka kumi. Walimwita jina ambalo Babu Yusuf hakukubali kunitafsiria.

Yeye alidhani ananifariji. Mimi nilichosikia ni kwamba mwanamke aliyesimama kando ya friji alijua. Alijua hasa aibu ile inavyouma, alijua na muda wake, na akakunja mikono.

Nilikuja kumwuliza, wewe ukiwa darasa la tatu hivi, tunakausha vyombo. Nilisema tu, kwa nini hukuniambia. Hakuuliza nazungumzia nini.

"Mimi hakuna aliyeniambia," akasema. "Nilijifunza hivyo hivyo."

Akaendelea kukausha sahani. Nimelifikiria jibu hilo kuliko nilivyofikiria maneno ya padri yeyote. Zaidi ya miaka thelathini na mitano alikuwa mgeni wa nyumba ile, yule Mwairishi wa wiski. Siku niliyopita na sinia yangu akaacha kuwa mgeni, kwa sababu mgeni amepatikana mwingine. Angefungua mdomo angebaki palepale. Namwelewa vizuri sana, na ndiyo sababu sijaweza kumsamehe. Angekuwa mjinga ingekuwa rahisi.

Sasa nije kwenye miaka hii ya korona, ambayo unadhani unaijua kwa sababu ulikuwepo.

Babu Yusuf alipopata kiharusi, shangazi zako waliogopa kuja, na wakati fulani sheria nayo ikawakataza. Mimi nilikuwa na kibali, nilikuwa na barakoa kwa maboksi, na kazi yangu ni hiyo. Kampuni yangu niliianza kwa kuosha wazee wa wenyewe kwa mikono hii, kabla sijapata hata mfanyakazi mmoja, na sikuona kwa nini mzee wangu mwenyewe aoshwe na mtu mwingine. Kila asubuhi, kabla sijafungua ofisi, nilitoka nyumbani Minto nikaenda Fairfield nikamwogesha, nikamnyoa, nikampaka na nyanya yako dawa ya magoti. Nyanya yako alikuwa akiniambia asante. Nisimpunje, alisema asante kila siku.

Unakumbuka wiki ambazo wanajeshi walipita mitaa ile wakigonga milango kuona kama watu wamekaa ndani. Asubuhi moja Babu Yusuf aliwaona dirishani, wawili, na sare zao, wanafungua geti la jirani. Akanishika mkono wenye sabuni. "Wamenifuata mpaka huku," akasema. Nikamwambia hawa si wabaya, wanaleta chakula, wanauliza hali. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto.

Sijui ni nini kilinifungua. Nikamwambia. Mikono yangu ikiwa kwenye maji, nikamweleza guka yako, kambi, seng'enge, afisa mwenye shingo nyekundu na shule yake ya Palestina. Nilieleza yote hadi maji yakapoa. Akanigeuzia uso.

"Kwa nini hukusema?"

"Hamkuniuliza, baba."

Akafumba macho. Kisha akauliza, "Anaitwa nani?" Nikamwambia Njoroge. Ulimi wake ulikuwa mzito wa kiharusi na jina lenyewe si rahisi kwa Mwarabu. Alilijaribu mara nyingi. Nilikuwa nimeshamvalisha shati alipolipata. Akalitamka barabara, akasema na lile neno lake, "Wale wale."

Kisha akasema Jumapili atawaambia wote mezani.

Jumapili haikuwepo. Unakumbuka, hakuna aliyeruhusiwa kumtembelea mtu. Meza ya viti vinane ilikuwa na watu wawili wamekaa ncha hii na ile. Wiki tatu baadaye akafariki asubuhi, kabla sijafika.

Mazishi yaliruhusiwa watu kumi. Nyanya yako alinipigia simu mwenyewe, hilo nampa. Akasema mimi naingia nyumba za wagonjwa, na yeye ni mzee, na wajukuu wapo, kwa hiyo ni salama zaidi nikikaa nyumbani. Mikono hii ilikuwa salama hadi siku moja kabla hajafa, ikimshika mumewe. Nilisema sawa. Wewe nilikuambia nimeitwa kazini kwa dharura. Uongo huo ni wangu, usimpe mtu mwingine.

Hebu uhesabu nami. Nyanya yako, mmoja. Watoto wake watatu, wanne. Waume wa shangazi zako, sita. Wajukuu watatu, tisa. Wa kumi alikuwa yule Mwairishi wa chama chao cha urafiki na Palestina, aliyekuwa akiandamana na Babu Yusuf na kushika ncha ya pili ya bango. Mtu mwema, sina neno naye. Yeye hakuniondoa, alialikwa.

Niliwafuata na gari la kampuni. Niliegesha ng'ambo ya barabara ya makaburi na kuwatazama kwenye simu, kwa kuwa mlirusha mazishi kwa ajili ya jamaa wa mbali, na mimi siku ile nilikuwa jamaa wa mbali. Ukaimba. Uliimba vizuri, na Kiairishi chako kilikuwa kimenyooka. Kisha yule bwana akasimama akazungumza juu ya mataifa mawili yenye kidonda kimoja, ndugu wawili waliozaliwa na mjeledi mmoja. Nyanya yako akatikisa kichwa akikubali. Na baba yako, ambaye alikuwa anajua, alitazama viatu vyake.

Nikahesabu tena pale garini. Mimi hupata ndugu watatu. Na mtu pekee mezani aliyekuwa tayari kusema watatu alikuwa anateremshwa chini kwa kamba.

Hakukuwa na siku tatu za wageni. Haikuruhusiwa. Kwa hiyo nilienda ofisini, nikachemsha kahawa kwenye sufuria ndogo, chungu kama inavyotakiwa, nikakaa nayo. Mama Furaha akaingia kurudisha funguo, yule wa kutoka Bukavu, unamjua. Akaona kikombe, akaonja bila kuombwa, akakunja uso.

"Mama, sukari iliisha?"

"Imeisha."

"Hii ni kama dawa." Lakini akajimiminia, akavuta kiti mbali na mimi kama tulivyoamriwa, akakaa. "Nani amekufa?"

Nikamwambia ni baba mkwe. Akauliza jina lake. Akauliza amezaliwa wapi, na kijiji chenyewe kiko bado au kilivunjwa, maana cha kwao kilivunjwa. Akauliza mama yake alikuwa nani, aliacha watoto wangapi, alipenda kula nini. Aliuliza yote, Nora. Mfanyakazi wangu, mwenye zamu saa kumi na moja, alikaa akanywa kahawa chungu mpaka chini na akaniuliza kila kitu ambacho nilikingoja Fairfield tangu kabla hujazaliwa. Hapo ndipo nililia. Hakuna mwingine aliyeniona nikimlilia Babu Yusuf.

Kwa hiyo hilo swali lako. Kumchukia nyanya yako nimejaribu, na kumenishinda kwa sababu moja ya kipuuzi. Kila nikitaka kumtukana moyoni, jina linalokuja ni lako.

Huko uendako utaketi mezani na mtu atasema Waairishi na Wapalestina, na watakutazama wewe kama ushahidi, na utakuwa ushahidi kweli. Sikuombi uwakatize. Nakuomba usifanye nilivyofanya mimi, kukaa kwenye stuli ukingoja adabu ya watu ikufikie. Sema, na guka yangu Njoroge. Wakikutuma viazi, leta viazi, kisha rudi umalize ulichokuwa unasema. Na siku ukimwona msichana mgeni kwenye jiko la wakwe zake na sukari mkononi, mwambie. Hata kama ndiyo siku ya kwanza ambayo hawakucheki wewe. Hasa siku hiyo.

Ukipata binti wa kwanza sitauliza atakuwa nani. Sheria yetu unaijua sasa, nawe una haki ya kuivunja. Nimekwisha kukuambia lile jina lililokwama mlangoni, basi.

Kesho nitaingia. Nitaingia kwa sababu umeniomba, si kwa sababu nimepoa. Lakini sitashika sufuria. Nitapita jikoni kwake kama mgeni anavyopita, niende mezani, na nitakaa kwenye kiti cha Babu Yusuf, ambacho nasikia hakuna aliyekikalia tangu afe. Stuli ile ya plastiki mtaipata kando ya friji kama mna haja nayo.

Nawe usiinuke kunisaidia. Wala baba yako asiinuke, mwambie mapema, maana naujua moyo wake. Mwacheni nyanya yako ainuke. Ana miaka themanini na mmoja na magoti mabovu, hakuna anayeyajua magoti yale kuliko mimi. Mwacheni ainuke polepole, aende jikoni, achemshe maji, aniletee kikombe.

Akiniuliza natia sukari vijiko vingapi, nitamjibu vizuri. Itakuwa mara yake ya kwanza kuniuliza kitu.

Mama yako,
Wanjiru, binti ya Njoroge na Wangari